Pamba ya Juu

Kabla hajaanza kuogopa kupiga chafya, Kalista ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo za kupura ulezi. Na usidhani kuanzisha wimbo ni kazi ya kila mwenye koo. Siku zile Ufipa, ulezi ulipokauka na upepo wa Juni ukaanza kukata masikio, watu walikusanyika uwanjani na fimbo zao, wakajipanga pande mbili, na kama hakuna mtu wa kuanzisha, kazi ilikufa mapema. Huyu anapiga hapa, yule anapiga pale, vumbi tupu. Lakini Kalista akisimama katikati, khanga kaifunga kibwebwe, akatoa ile sauti yake nene, fimbo zote zilipanda pamoja na kushuka pamoja, na wazee waliokuwa wamelalamikia magoti tangu asubuhi ungewaona wanaruka. Hawa wa siku hizi wanaopita barabarani na maspika yao, laiti wangemsikia, wangezima wenyewe.

Hayo yalikuwa kabla ya mtoto wa sita. Mtoto wa sita alikuja mkubwa, mwenye mashavu ya mtu aliyekwisha kula, akamhangaisha mama yake mchana kutwa hata mkunga akachoka. Wakamwita Margareth. Kalista akapona, akanyonyesha, na msimu wa kupura ulipofika akashika nafasi yake uwanjani kama kawaida. Akaanzisha. Wakaitikia. Akaruka, na mkojo ukamtoka.

Haukuwa mwingi, kijiko hivi. Lakini alikuwa mtu mzima, mama wa watoto sita, wa kukomunika, kupokea ekaristi, kila Jumapili, na aliusikia ukiteremka pajani mbele ya watu wote, asijue hata mmoja ila yeye. Akaruka tena, ukatoka tena. Akasingizia vumbi limemwingia kooni, akamwachia mwenzake wimbo, akaenda kukaa na wanaopepeta. Huko vumbi likamwingia kooni kweli. Akakohoa, ukatoka.

Mwanamke mwingine angesema ni uzazi huo, utaisha. Kalista hakuweza kusema hivyo, kwa sababu ya Albina.

Albina alikuwa dada yake wa tumbo moja. Aliolewa mbali na barabara, na uchungu wake wa kwanza ulimkuta wakati wa masika, mito imejaa, hakuna wa kumvusha kwenda hospitali. Alikaa na uchungu hadi watu wakaacha kuhesabu. Mtoto alizaliwa amekwisha kufa, na siku chache baadaye, kibofu kimetoboka tundu kwa uchungu ule, mkojo ukaanza kumtoka Albina bila kukoma, amelala, amesimama, anapika, anasali. Mumewe alivumilia mpaka mavuno. Kisha akamrudisha kwao Kasense kwa adabu zote, akamwomba radhi baba mkwe wake na kwenda zake. Baba yao hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Alimjengea bintiye kibanda chake mwenyewe nyuma ya zizi, akakiezeka vizuri, akamtengenezea na mlango wa mbao. Alifanya kwa upendo mtupu, na hilo ndilo lilimuuma Kalista kuliko yote.

Humo Albina akawa anasuka nyungo. Zilikuwa nyungo safi, watu wa Majengo, kule mjini, walizifuata mpaka Kasense, wakazipokea mikononi mwa mama yake, wakaondoka bila kumwona aliyezisuka. Kanisani hakwenda tena. Na mgeni akija kumsalimu, Albina alimwonyesha pa kukaa, upande ule upepo unakotokea, ili asisikie harufu. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mwenye nyumba anayekaribisha watu sebuleni.

Basi Kalista alipoanza kuvuja, hakuona kijiko cha mkojo. Alikiona kile kibanda. Akaamini kwamba ugonjwa ni uleule, umekuja tu kwa kunyata, na siku Zenon mumewe atakapojua, naye atavumilia mpaka mavuno. Zamani alikuwa akienda Kasense mara kwa mara kumwona dada yake. Sasa akaacha. Aliona kama anakwenda kukagua nyumba atakayohamia.

Ungekuwa ni wakati wa kukaa mbalimbali, mtu na mji wake na mashamba yake, pengine angeficha mpaka uzeeni. Lakini ndiyo ile miaka tuliyoambiwa tusogee. Zenon na Kalista, pamoja na wote wa bondeni, walihamia kijiji kipya cha ujamaa kando ya njia ya kwenda Kirando, nyumba zimepangwa mistari, mlango kwa mlango. Kulikuwa na raha zake, tuseme ukweli. Rimu ya gari ikigongwa asubuhi watu wanatoka na majembe kwenda shamba la kijiji, vijana wanataniana, akina mama wanacheka njia nzima, na samaki wa migebuka wakiletwa kutoka ziwani, harufu ya kuchoma inaenea mstari mzima, hakuna anayekula peke yake. Watu walinung'unika, ndiyo, na wengine walikuwa na haki ya kunung'unika. Ila ukiwauliza leo waliobaki wakumbuke sauti moja ya siku hizo, watakuambia ni kicheko.

Sasa katika mistari ile, kamba yako ya kuanikia nguo inaonwa na nyumba kumi. Balozi wa nyumba hizo kumi anaiona, mke wa balozi anaiona zaidi. Margareth alikwisha kujua kwenda nje mwenyewe, na bado kamba ya Kalista ilikuwa imejaa vitambaa. Jirani mmoja akampongeza kwa ujauzito. Mwingine akamuuliza kama ana mgonjwa ndani. Kalista akahamishia vitambaa juu ya dari, vikaukie kwenye moshi wa jiko, na kuanzia hapo akawa ananuka moshi kama nyama ya kuhifadhi. Akaacha kunywa maji. Shambani wenzake wakipitisha kata, yeye anagusisha mdomo tu. Kanisani akawa anasimama nyuma karibu na mlango. Kulima alilima, maana ukitegea siku zile ulikuwa unaitwa kupe mbele ya mkutano, lakini kila alipoinua jembe alibana miguu, na kila wimbo ulipoanzishwa alijifanya anatafuta kitu chini. Na usiku alihamia mkeka wa watoto, akisema Margareth anaota vibaya.

Zenon alikuwa mtu wa maneno machache, fundi wa kuchoma matofali, anayeweza kukaa na tanuru tangu jua linachomoza bila kumsemesha mtu. Aliyaona yote hayo. Aliona mkeka, aliona kata, aliona wimbo umekufa. Siku moja wakiwa wawili tu, wanapukuchua mahindi kibarazani, alisema bila kuinua kichwa.

"Mama Flavian, kama umenichoka, niambie. Na kama unaumwa, niambie zaidi."

Kalista alitaka kusema uongo, na uongo ulikuwa tayari mdomoni. Badala yake akalia. Alimweleza habari za uwanjani na za shambani, vitambaa na moshi, na mwisho akasema alichokuwa anakificha kuliko mkojo wenyewe, kwamba ana ugonjwa wa Albina. Zenon akaendelea kupukuchua gunzi lile mpaka likaisha. Kisha akasema kesho atatengeneza tairi la baiskeli, keshokutwa watakwenda hospitali mjini, na kwamba yeye si yule bwana wa Albina, asifananishwe naye tena. Alikuwa amekasirika kweli. Kalista alimpenda siku hiyo kuliko siku ya harusi, lakini hofu haikuondoka. Wanaume wengi husema maneno mazuri kabla tundu halijaonekana.

Hapa ndipo lilipotokea lile kosa ambalo, nadhani, mtu wa Ufipa pekee angelifanya. Wazee wetu walifundishwa na mapadri wa kwanza kwamba ukitaka kukomunika usitie kitu mdomoni tangu usiku, hata tone la maji. Baadaye Kanisa lilipunguza masharti, ikawa saa moja tu inatosha, lakini nani angewaambia akina mama wa Ufipa? Walifunga vilevile, na wakafunga kwa kila kitu kikubwa. Wanakwenda kwa askofu, wanafunga. Wanakwenda kumwozesha mtoto, wanafunga. Kalista aliona hakuna kikubwa zaidi ya kuvua nguo mbele ya daktari. Basi akafunga. Tangu jana yake mchana hakunywa chochote, na walipofika kwenye mikaratusi ya hospitali, akaomba ruhusa, akaenda chooni akajikamua mpaka hakubaki na kitu. Mwili safi, roho safi. Alijiona yuko tayari.

Daktari alikuwa mtu wa Tukuyu, jina lake Anyelwisye, mpole, mwenye miwani iliyofungwa na plasta. Alimuuliza maswali mengi. Mkojo unatoka ukikohoa? Kalista akajibu ndiyo. Unatoka ukiwa umelala? Ndiyo. Unatoka muda wote? Ndiyo. Ukinyanyua mzigo? Ndiyo. Nyumbani kwao mtu mkubwa akikuuliza hukatai, unaitikia kwa heshima, mengine yataonekana mbele. Daktari akakuna kichwa. Akamlaza kwenye kitanda cha kupimia, akamwambia akohoe. Kalista akakohoa. Kukavu. Kohoa kwa nguvu. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na machozi hayo ndiyo maji pekee yaliyotoka mwilini mwake. Daktari akamwambia kwa upole kwamba leo hakuona tatizo, arudi nyumbani, na kama hali itaendelea aje tena.

Zenon alifurahi, akapiga kengele ya baiskeli njia nzima. Walipovuka kijito Kalista akashindwa na kiu, akanywa, na kabla ya kufika kijijini baiskeli ikaingia shimoni, akalowa. Akaibana khanga, Zenon asione. Alichofikiri ni kwamba ugonjwa wa Albina hospitali inauona, na wake hauonekani hata na daktari, kwa hiyo wake ni mbaya kuliko wa Albina.

Angekaa hivyo mpaka lini, Mungu ndiye anajua. Aliyemtoa ni Sekela. Sekela alikuwa nesi wa hospitali, naye wa kulekule Rungwe kwa daktari, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe waliovuka mto, na alikuja kijijini na Landrova ya kliniki kupima watoto. Siku ile ya vipimo alikuwa amesimama nyuma ya daktari ameshika taa, na sura ya Kalista ilimkaa. Alipomaliza kupima Margareth akamvuta mama mtu nyuma ya gari, akamuuliza hali. Kalista akajibu ndiyo. Sekela akasema hajauliza swali la ndiyo. Akamwambia amweleze siku ile ya kuja hospitali, tangu alipoamka, alikula nini na alikunywa nini.

"Sikunywa kitu, sista. Nilifunga."

"Ulifunga? Kwa nini, mama?"

"Kama mtu anakwenda kukomunika."

Sekela alimtazama. Halafu akaanza kucheka, akacheka akashika Landrova, akacheka akakaa chini kwenye majani na sare yake nyeupe. Kalista alitaka ardhi impokee. Lakini kicheko cha Sekela hakikuwa cha dharau, na kilipopungua alimshika mkono akamkalisha karibu yake. Akamweleza kwamba kupima mkojo unaovuja bila mkojo ni sawa na kupima pipa kama linavuja wakati halina maji. Alitakiwa aje amejaa. Anywe uji, anywe maji, asiende chooni hata akibanwa, na daktari akiuliza, aseme la kweli, hata kama la kweli ni hapana. Daktari haendi kumnyima sakramenti.

Kalista akauliza lile swali alilokaa nalo tangu uwanja wa ulezi. Wataujuaje ugonjwa wake kama ni tundu au si tundu?

Sekela akaacha kucheka kabisa. Alimwambia kuna kipimo. Wanaingiza maji ya buluu kwenye kibofu kwa mpira mwembamba, na kwenye njia ya uzazi wanapanga pamba tatu, ya juu, ya katikati na ya chini. Halafu mtu anatembea na kukohoa. Pamba zikitolewa, kama ya juu imepata rangi, kuna tundu, maji yamepita ndani kwa ndani. Kama za juu ni nyeupe na ya chini tu ndiyo imelowa, tundu hakuna, ni mlango wa kibofu umelegea. Ni kipimo rahisi, hakina maumivu makubwa.

Kipimo rahisi, ndiyo. Kalista hakulala usiku wowote wa wiki ile bila kuiona pamba ya juu.

Walirudi mjini siku ya baridi, ukungu umekaa juu ya mashamba ya mahindi. Safari hii alikunywa uji wa ulezi vibakuli vitatu na maji juu yake, na Zenon, ambaye alikuwa amepewa maagizo, alikwepa mashimo yote kama anabeba mayai. Kwenye benchi la hospitali Kalista alikaa amekunja miguu, uso umekakamaa, akina mama wengine wanamuuliza kama ni uchungu. Alipoitwa alijibu maswali upya. Unatoka ukikohoa? Ndiyo. Ukiwa umelala usingizi? Akafikiri, akasema hapana. Muda wote? Hapana. Daktari akainua kichwa akamtazama Sekela, na Sekela akatazama dari.

Wakamsimamisha juu ya shuka jeupe lililotandikwa sakafuni, miguu ameipanua. Kohoa, mama. Akakohoa mara moja tu, na shuka likalowa palepale. Akaacha kukohoa, nao ukaacha. Kalista alifunika uso kwa viganja. Daktari yeye alikuwa anatabasamu kama mtu aliyepotewa na mbuzi akamwona. Alisema hicho ndicho alichokuwa anakitaka siku ile. Umetoka na kikohozi, umekoma na kikohozi. Ni dalili nzuri, lakini kwa kuwa safari ya kwanza majibu yalichanganyika, atahakikisha.

Ukaja mpira, yakaja maji ya buluu, zikaja pamba. Wakamwambia atembee kwenye ujia, aende mpaka mlango wa mwisho na kurudi, akohoe, apande ngazi, ashuke. Zenon alikuwa amesimama nje dirishani, kofia mkononi. Kalista akatembea mbele yake bila kumtazama. Alitembea akiwafikiria watoto wake mmoja mmoja, nani atampikia nani, Margareth atalala na nani. Alijua hata kibanda kitajengwa wapi, kwa sababu nyuma ya zizi kwao pana nafasi ya kimoja tu zaidi, ubavuni mwa cha Albina. Akakohoa alivyoambiwa. Akarudi, akalala kwenye kitanda, akafumba macho.

Sekela alitoa pamba ya chini kwanza. Alisema ni ya buluu. Akatoa ya katikati, akasema nyeupe. Ya juu ikachelewa, maana huwa inateleza, na Sekela alikuwa anaitafuta taratibu, na katika kungoja kule Kalista alisali nusu ya Salamu Maria akasahau iliyobaki.

"Fumbua macho, mama," Sekela akasema. "Tazama mwenyewe."

Ilikuwa nyeupe. Ilikuwa nyeupe kama ilivyoingia.

Kwa kuwa jenereta lilikuwa linafanya kazi siku hiyo, daktari akataka na picha. Wakamtia dawa inayoonekana kwenye eksirei, wakamsimamisha kwenye chumba cha giza mbele ya ubao wa baridi, akaambiwa ajikaze kama anayenyanyua debe la maji. Mashine ikanguruma. Baadaye daktari alilishika lile karatasi jeusi mbele ya dirisha, akawaita mke na mume wote wawili. Hiki hapa kibofu, akasema, tazameni kama kibuyu. Shingo ya kibuyu inatakiwa isimame hapa, juu, nyuma ya mfupa huu. Yako imeteremka, kwa sababu watoto sita wamepita na nyama inayoishika imechoka. Ukikohoa, haipati pa kujibania. Akamfundisha kuikaza nyama hiyo kila siku, kama mtu anayezuia mkojo katikati, akiwa anapika, anapalilia, anasali, popote. Miezi mingi, si wiki. Ikishindikana, kuna upasuaji. Hakuna tundu.

Zenon aliinama akaitazama ile picha kwa muda mrefu, kama anavyotazama moto wa tanuru, kisha akavaa kofia, akatoka nje akapiga chafya ambayo haikuwa chafya. Kalista yeye hakuondoka. Alikuwa amepata alichokifuata, na kumbe kulikuwa na jambo jingine limemkaa kooni. Akamuuliza daktari, kama pamba ya juu ingekuwa ya buluu, wangefanyaje?

"Tungeshona," Daktari Anyelwisye akasema. "Kuna daktari anakuja kwa ndege ndogo. Matundu mengi hushonwa, mama."

Alisema hivyo huku anafuta miwani. Kalista akasimama pale na khanga yake mkononi. Miaka yote ile. Nyungo zote zile. Kutoka Kasense hadi hospitali ile mtu mzima anatembea asubuhi akafika jua halijachoma, na hakuna mtu kwao aliyejua kuuliza, kwa sababu kila mmoja aliona haya kwa niaba ya Albina.

Hawakurudi kijijini. Baiskeli iligeuzwa kuelekea Kasense, na Kalista akaingia kwenye uzio wa baba yake kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule wa kupura. Albina alikuwa mlangoni na ungo mapajani. Akamwonyesha mdogo wake pa kukaa, upande upepo unakotokea. Kalista akaenda kukaa upande mwingine, akagusana naye bega kwa bega.

Alimweleza yote. Albina alisikiliza huku vidole vinasuka. Mwisho akasema ni habari nzuri kwa vijana, ila yeye amekwisha kuzoea.

"Mimi sijazoea, dada," Kalista akasema. "Sijazoea wewe kukaa huku."

Vidole vikasimama. Baba yao, aliyekuwa zizini anajifanya anafunga ndama, alikuja akachukua ule ungo kutoka mapajani mwa Albina, akauweka chini. Mzee alikuwa analia.

Siku ya kipimo cha Albina, Kalista alikuwa ndani, amemshika mkono. Maji ya buluu, pamba tatu, vilevile. Na safari hii alisali Salamu Maria yote mpaka mwisho, akiomba pamba ya juu iwe ya buluu. Maana isipokuwa ya buluu, daktari wa ndege atashona nini? Sekela akaivuta, ilikuwa ya buluu tupu, mpaka vidole vyake vikapata rangi, na wanawake watatu wakaitazama kwa furaha ambayo mtu wa nje angeona ni wazimu.

Daktari wa kushona alikuja, akashona, akaenda zake. Albina akalala wodini na mpira wa mkojo, siku nyingi, mgongo ukamuuma, Kalista akawa anamletea uji na umbea wa kijijini. Asubuhi waliyotoa ule mpira hakuna aliyekula. Kalista alikuwa anapapasa shuka kila mara, akisingizia analinyoosha. Kavu. Jua likapanda. Bado kavu. Halafu Albina akamshika mkono ghafla, macho yamemtoka, na Kalista akajua mshono umeachia.

"Mdogo wangu," Albina akasema kwa kunong'ona. "Nimebanwa."

Kalista akakimbilia chombo. Albina akakataa chombo. Alisema anakwenda chooni kwa miguu yake kama watu, na akaenda, hatua kwa hatua, ameshikilia ukuta, mdogo wake nyuma yake. Akaingia, akafunga mlango wa bati. Kalista akasimama nje na akasikia, na lile lililosikika lilikuwa refu, halikatiki, likaendelea mpaka wagonjwa waliokuwa wanaota jua wakageuza vichwa.

Akauliza kama amemaliza.

"Usinikimbize," Albina akajibu kutoka ndani, kwa ile sauti ya dada mkubwa ambayo Kalista hakuwa ameisikia tangu wakiwa wasichana. "Ngoja nifaidi."

Kalista akacheka. Akacheka mpaka akaegemea bati, na Albina naye ndani akaanza, na bati likatetemeka kwa wote wawili. Na katika kucheka huko Kalista akalowa kidogo, kijiko hivi. Hakubana miguu. Aliendelea kucheka.